Mfutaji

Mimi ndimi kijivu cha mji huu.
Jumatatu hadi Ijumaa, ndoo mkono wa kushoto,
rola na mpini wake begani kama jembe,
napanda ngazi za Valparaíso nikihesabu,
mia moja sitini na mbili hadi ukuta wa mwokaji,
kwenda kunyamazisha.

Manispaa hainiiti hivyo. Kwenye hati ya mshahara
naitwa Nibaldo Saavedra, matengenezo.

Nimekwisha kufuta mengi: farasi aliyefungwa macho kwa bendera,
kiti cha jaji chenye mguu mmoja wa mkate,
mwanafunzi ambaye jicho lake moja ni kifungo cha koti.
Sikuwa na ugomvi nayo. Nilipaka, nikala, nikashuka.
Gesi hailipiwi kwa huruma.

Lile parachichi lilitokea usiku wa Jumapili.
Refu kunizidi mara mbili, limepasuliwa katikati,
nyama yake inang'aa, karibu uilambe;
na mahali pa kokwa
amejikunja mwanamke mzee, magoti kidevuni,
amekumbatia birika tupu.
Hakuna neno. Hata herufi moja.

Nani alimwonyesha mchoraji mama yangu?

Sisemi anafanana naye. Nasema ni yeye,
Otilia wa bonde la juu, kule milima ilikovishwa
miparachichi ya watu wasioonekana, kijani hadi kileleni,
na chini yake mto ni barabara ya mawe.
Alhamisi gari la maji hupiga honi.
Ananawa uso kwa kikombe kimoja,
maji hayohayo yanasugua sufuria,
hayohayo yanapewa ua la dirishani,
naye huliomba ua radhi.

Bwana Retamal alikuja, akapiga picha kwa simu.
"Hapa wamemtukana nani?"
"Sioni tusi, bwana."
"Basi maana yake nini?"
"Tunda, bwana. Na kokwa yake."
Akajikuna shingo. "Futa leo.
Lingekuwa tusi, ningengoja hadi Jumatano."

Nikafungua ndoo ya chokaa.
Kijivu ni mtoto wa jivu, na jivu halisemi uongo:
hulikuti mahali pasipowaka kitu.
Nikatia maji. Nikakoroga. Nikatia tena,
kopo baada ya kopo kutoka bomba la mwokaji,
mengi hata nikaona haya,
Alhamisi nzima ya mama ikazama ndoo ile,
hadi chokaa ikawa uji wa mgonjwa.
Nikampaka kuanzia miguuni.
Nilipofika usoni nilifumba macho.

Nilijua nifanyalo. Chokaa nyepesi hivyo
haistahimili mvua moja ya Juni.
Itachuruzika ngazi kwa ngazi hadi bandarini,
na bibi atatokea, birika kifuani,
ameoshwa.

Juni ilikuja kavu. Julai nayo.

Ukuta umekaa vilevile, mraba wa kimya,
lakini watoto wa shule huagana:
"Tukutane kwenye parachichi."
Mwokaji huelekeza wageni: "Ukifika parachichi, kata kulia,"
nao hutazama, hawaoni kitu,
hukata kulia, hufika.
Kuna msichana hununua mkate saa moja asubuhi,
kucha zake zina kijani kisichotoka.
Huutazama ukuta, hunitazama mimi,
hunipa habari za asubuhi. Basi.
Nami hutazama viatu.

Jumapili mama hupiga simu.
Huuliza kama nakula, kama goti limepona.
Kisha, salio likikaribia kuisha,
kwa sauti ya mtu anayeulizia mtoto aliyetoroka:
"Huko kwenu, imenyesha?"

Nakwangua kijivu kilichogandia kidoleni.

Bado, mama.
Bado.